Kyimo hadi Uyole kwa baiskeli ya umeme: Usipime upepo wa Isongole!

Msomaji wangu, kama hujawahi kushuka kwenye basi pale Kyimo asubuhi ya mwezi wa saba ukiwa na fulana yako nyepesi ya Kariakoo, baridi unaisikia tu kwa watu. Mimi nilishuka. Konda akanitupia begi, basi likaendelea zake Kyela, nikabaki kando ya lami natetemeka kama simu iliyotolewa mlio. Akina mama waliokaa na mikungu yao ya ndizi wakanitazama, wakatazamana, wakaangua kicheko. Mmoja akanisalimia, "Ugonile!" Nikajibu "Ndaga" kwa kubahatisha, wakacheka mara ya pili.

Kwa wasiopajua, Kyimo ipo Rungwe, kwenye barabara kuu ile ya kutoka Mbeya kwenda Tukuyu, Kyela na mpaka wa Malawi pale Kasumulu. Ukifika Kyimo, Tukuyu umeshaisogelea. Ni kijani mpaka macho yanachoka: migomba, miparachichi, chai, halafu migomba tena. Mlima Rungwe unajificha kwenye mawingu kama bosi anayedaiwa mishahara. Wilaya yenyewe ni miongoni mwa zile zinazopata mvua nyingi kuliko zote nchini, kwa hiyo buti la mpira huku si vazi la shamba tu, watu wanavaa hadi kwenye harusi wakifika wanabadilisha.

Mwenyeji wangu alikuwa shangazi, na sababu ya safari ilikuwa mwanawe, yaani binamu yangu. Huyu bwana ni fundi simu. Kibanda chake kipo Uyole, pale njia panda nje kidogo ya jiji la Mbeya, kilomita arobaini na kitu kutoka Kyimo. Anakwenda na kurudi siku tano kwa wiki. Utauliza, kwa nini asipange chumba Uyole kama vijana wengine? Shangazi miguu inamsumbua, na nyumbani kuna ng'ombe wawili wa maziwa wanaotaka kukamuliwa alfajiri na jioni. Binamu ni mtoto pekee. Hadithi ya chumba inaishia hapo.

Nauli, kwa hesabu yake, ni elfu tatu kwenda na elfu tatu kurudi. Kwa mwezi wa siku ishirini na mbili za kazi hiyo ni laki moja na elfu thelathini na mbili. Hapo hujatia siku ambazo Kosta zimejaa, unasimama barabarani mpaka giza linaingia na ng'ombe wanalia nyumbani. Basi binamu akawa amejikusanyia mshiko wake, milioni mbili za maparachichi na za kubadilisha vioo vya simu. Akaniandikia: "Nataka kununua usafiri wa umeme. Njoo unisaidie kuchagua, wewe ndiye unayesoma soma." Sifa hiyo ilinipeleka kilomita zaidi ya mia nane.

Nilimkuta ana mapendekezo matatu kichwani. La kwanza, pikipiki ya umeme. La pili, baiskeli ya umeme iliyokamilika, ile yenye mota ndani ya gurudumu la nyuma. La tatu, kuchukua baiskeli yake mwenyewe ya gia, mtumba alioununua Mwanjelwa, na kuifunga mota. Kijiweni walikuwa wameshamwamulia: chukua yenye kasi kubwa! Mmoja hata alimwambia asinunue kitu kisichofika kilomita hamsini kwa saa, eti atadharauliwa na bodaboda.

Pikipiki ya umeme tuliimaliza haraka. Ni kweli kule Kigali zimeshika kasi. Kampuni ya Ampersand ilianza nazo mwaka 2019, na tangu Januari 2025 Rwanda haisajili tena pikipiki mpya za petroli za kubeba abiria jijini humo. Na Kigali ni vilima vitupu, kwa hiyo usiseme mlima unazishinda. Ila siri ya Kigali ni vituo. Betri ikiisha unaingia, unaacha tupu, unachukua iliyojaa, dakika chache umeondoka. Mimi na binamu tulipita barabara yote kutoka Kyimo hadi Uyole, kituo cha namna hiyo hatukukiona hata kimoja. Na ile ambayo mshiko wake ungeifikia ilikuwa na betri za asidi, kama za gari. Betri za asidi ni nzito, kwenye mwinuko mrefu zinalegea mapema, na ukizimaliza nguvu kila siku hazifiki mbali. Pikipiki yenyewe huwezi kuipiga pedali. Ikizima Isongole, unasukuma chuma.

Zikabaki baiskeli mbili. Hapo binamu akaona njia rahisi ni kujaribu. Akakodi kwa jamaa mmoja wa mjini baiskeli ya mota ya gurudumuni, siku mbili, betri ya volti 36 na ampea 10. Ilikuwa nzuri kwa macho, nyeusi, ina taa ya bluu chini. Msela akiipanda mtaani lazima wasichana wageuke.

Alfajiri ya Jumanne, saa kumi na moja na nusu, tukaondoka. Yeye kwenye baiskeli, mimi nyuma kwenye bodaboda ya kukodi, nimevaa koti la marehemu mjomba na blanketi la shangazi juu yake. Kiwira tukaipita kukiwa bado na giza. Baada ya Kiwira barabara inaanza kupanda kwa kweli, kona baada ya kona, na hapo ndipo utawajua wanaume. Malori yanayokwenda na kutoka Malawi yanatambaa kwa gia ya kwanza, yananguruma, yanatema moshi. Likikupita la kushuka, upepo wake unaisukuma baiskeli pembeni kama kofi. Binamu alikuwa anapiga pedali huku mota inamsaidia, mwepesi, ananipungia mkono. Upepo ulikuwa mgongoni. Tulipofika Isongole, kwenye ukungu na magunia ya viazi, kijitaa cha betri kilikuwa kinapepesa chekundu. Lakini tulikuwa juu! Kutoka pale ni mteremko hadi Igawilo na Uyole. Akaserereka mpaka kibandani, saa mbili kasorobo, anacheka peke yake.

"Binamu, nimeshanunua," akaniambia. Nikamwambia tusubiri jioni.

Jioni, jamani! Betri ilishinda kutwa kwenye chaja, imejaa pomoni. Saa kumi na moja tukaondoka Uyole. Miezi hii ya Juni hadi Septemba upepo wa kusi unavuma, unatoka upande wa Ziwa Nyasa, na mtu anayerudi Kyimo anaelekea kusini. Kwa hiyo ule uliomsukuma asubuhi sasa ulikuwa usoni. Igawilo hatujaiacha mbali, nikamwona binamu ameinama mpaka kidevu kinagusa usukani. Mota ikaanza kulia kwa sauti ya unyonge. Nilipoigusa gurudumuni ilikuwa ya moto, ungechemshia chai. Kabla ya kuufikia mgongo wa mlima taa zikazima zote, hata ile ya bluu. Kilo ishirini na tano za chuma, giza linaingia, ukungu unashuka, manyunyu yanaanza. Tukasukuma kwa zamu. Mwenye Fuso la viazi, Mungu ambariki, akatupandisha juu ya magunia matupu hadi Kyimo. Tulifika saa tatu usiku. Shangazi alikuwa amekamua mwenyewe, kakaa kwenye kigoda, hasemi neno. Kile kimya kiliuma kuliko matusi.

Usiku ule, baada ya mbalaga ya moto, tukakaa na daftari. Na hapa, msomaji, vumilia hesabu kidogo, maana ndizo zilizookoa milioni mbili za watu.

Betri usiipime kwa maili wanazoandika kwenye boksi. Zidisha volti kwa ampea zake. Volti 36 mara ampea 10 ni wati-saa 360. Uniti moja ya Tanesco ni wati-saa 1,000, kwa hiyo ile baiskeli ya taa ya bluu ilikuwa imebeba theluthi moja ya uniti. Sasa mlima. Binamu, baiskeli, betri, begi la vifaa na koti la mvua ni kama kilo 110. Kutoka Kyimo hadi juu Isongole tulikadiria kupanda mita 700. Kuinua kilo 110 mita 700 kunataka wati-saa 210, na kwa kuwa mota hupoteza karibu robo ya umeme kwa joto, betri itatoa 280. Huo ni mlima tu! Bado msuguano wa matairi, bado hewa. Asubuhi aliponea kwa upepo wa mgongoni na miguu yake.

Upepo ndio jambazi lenyewe. Chukua mtu anayekwenda kilomita 25 kwa saa siku isiyo na upepo. Siku ya pili kuna upepo wa usoni wa kilomita 20 kwa saa, naye anang'ang'ania mwendo ule ule. Hewa inamkuta kwa kilomita 45. Nguvu ya hewa inakua kwa mraba, kwa hiyo inamzuia zaidi ya mara tatu, mara tatu! Akikubali kushuka hadi kilomita 15 kwa saa, hewa inamkuta kwa 35, na kila kilomita anaokoa karibu asilimia arobaini ya kile hewa ilikuwa inakula. Ndiyo maana nasema yule wa kijiweni mwenye kilomita hamsini kwa saa alikuwa anatuzuga. Kwenye barabara hii kasi ni ulevi wa betri. Unachohitaji ni kitu kinachoweza kwenda taratibu bila kuchoka.

Na mota ya gurudumuni haijui kwenda taratibu. Ina mwendo mmoja inaoupenda. Ikilazimishwa kupanda polepole, umeme mwingi unageuka moto badala ya mwendo, ndiyo ile ya kuchemshia chai. Kwa mji wa tambarare ni bomba, sikatai. Mtu wa Sinza kwenda Posta aichukue, tena haina makeke, cheni haiisumbui. Lakini kwa mlima mrefu inatakiwa mota ya kati, ile inayofungwa pale pale kwenye pedali na kuzungusha cheni. Hiyo inatumia gia za baiskeli. Mwinuko ukiwa mkali unabadilisha gia, mota inazunguka kwa raha yake hata kama wewe unatambaa. Aina tuliyoitazama ni Bafang ya Wachina, BBS02, volti 48, wati 750. Kasoro yake ni kwamba inakula cheni na spoketi, maana nguvu zote zinapita humo. Binamu akasema cheni anabadilisha mwenyewe, shida ipo wapi.

Tahadhari moja kwa mnaopenda njia za mkato. Usikimbilie kuifunga kwenye Phoenix ya babu. Mota hizi zimetengenezwa kwa bomba la pedali la baiskeli za gia, upana wa milimita 68 hadi 73. Pima kwanza kwa rula, ndipo utoe hela. Halafu Phoenix ya babu haina gia, na breki zake ni zile za vyuma. Kuteremka Isongole kwenda Kiwira na breki za vyuma, mvua inanyesha, lori nyuma, andika wosia kabisa. Binamu tulimwambia aweke breki za sahani mbele na nyuma, na hiyo ndiyo bei pekee ambayo sikumruhusu apunguze hata shilingi.

Tukaja kwenye betri, na hapa ndipo palikuwa na mtego nilioukaribia kuukosa. Betri ya volti 48 na ampea 20 inakupa wati-saa 960. Inampandisha asubuhi hata kusiwe na upepo wa msaada, inabakiza kidogo. Kurudi jioni bila kuchaji, sahau. Kwa hiyo lazima achaji Uyole, na chaja ya ampea 5 inarudisha kilichotumika kwa saa mbili na nusu, tatu. Umeme kibandani upo. Mwenye jengo alinuna kwanza, wakaelewana mia tano kwa siku, kwa mdomo na kwa ushahidi wa mama lishe. Nikamwagiza binamu aichomeke mara tu anapofika, asingoje mchana, maana umeme ukikatika saa tisa hakuna wa kumlaumu.

Mtego ni huu. Kwa safari zile mbili anatumia zaidi kidogo ya betri moja nzima kwa siku. Betri za kawaida za lithiamu, zile nyepesi zinazouzwa zaidi, hutegemewa kwa kama mizunguko 500 kabla hazijaanza kupungua kwa kuonekana. Siku ishirini na mbili kwa mwezi, mizunguko 500 inakatika ndani ya miaka miwili. Sasa tazama upande wa hela. Umeme wa nyumbani na wa kibandani, hata tukisema uniti moja na nusu kwa siku kwa bei ya kawaida ya kama shilingi 350 kwa uniti, ni mia tano na kitu, elfu kumi na mbili kwa mwezi. Hata ukiongeza zile mia tano za mwenye jengo, bado anaokoa zaidi ya laki moja ya nauli. Vifaa vyote vilikuwa milioni moja na laki tisa. Gawanya: karibu mwaka mmoja na nusu ndipo hela inarudi. Yaani siku anapoanza kula faida, ndiyo siku betri inaanza kuzeeka na kudai mshiko mwingine! Binamu alikaa kimya kama mama yake.

Dawa ni lithiamu ya chuma na fosfeti, mafundi sola wanaiita LFP. Ni nzito zaidi, ya ukubwa ule ni kama kilo tisa au kumi, na kwa umbo ni nene, haikai vizuri kwenye fremu, sura haina. Lakini inavumilia mizunguko elfu mbili na kuendelea, na haishiki moto kirahisi kama zile nyingine. Kwa matumizi ya binamu hiyo ni miaka sita na zaidi. Sharti volti zake zilingane na kontrola ya mota, muuzaji aandike hivyo kwenye risiti, si kutikisa kichwa tu. Ili bei isivuke, tukaachana na taa za mapambo, kioo cha rangi na kiti cha ngozi. Hapo alinung'unika kidogo. Ni kijana, ana haki yake.

Mvua nayo ina yake. Kila kiungo cha waya kipakwe grisi, kielekezwe chini maji yachuruzike, kontrola isiwe mahali tope la tairi linaporukia. Betri isilale kwenye banda la ng'ombe, iingie ndani, maana baridi inaipunguzia nguvu asubuhi. Mavazi vilevile: glovu, koti lisilopitisha upepo, na kwa kushuka weka gazeti kifuani ndani ya koti. Wazungu wa mbio za baiskeli za Ufaransa walikuwa wakifanya hivyo wakifika juu ya milima, sikutunga. Gazeti hili hili linafaa, ukishalisoma lakini.

Mzigo ulichukua wiki saba. Nilikuwa nimesharudi Dar, habari nikazipata kwa simu. Wiki ya kwanza akakosea, akapanda kwa gia nzito, cheni ikaruka karibu na Kiwira, akachelewa kazini. Wiki ya pili akazoea. Mwisho wa Septemba upepo ulikuwa bado haujakata, akanipigia saa kumi na mbili na nusu jioni akiwa Isongole, nasikia upepo unavuma kwenye simu kama mtu anapuliza chupa. "Binamu, nimefika juu, mistari miwili imebaki. Nimekuja kilomita kumi na mbili kwa saa, kuna mzee wa Phoenix alikuwa ananikaribia!" Nikamwuliza habari za ng'ombe. Akasema anafika kabla ya saa mbili, kwa taa, na anakamua mwenyewe.

Jana shangazi alichukua simu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanishukuru, "Ndaga fijo mwanangu." Halafu akashusha sauti. Anataka nimshawishi binamu yako, maneno yake hayo, afunge keria kubwa nyuma, awe anapeleka mikungu miwili ya ndizi Uyole kila asubuhi. Ndizi Uyole zina bei. Nikamwambia shangazi, tulipiga hesabu ya kilo 110 na mikungu haikuwemo. Akaniambia hesabu za kwenye daftari hazimjui, na keria ameshaagiza kwa fundi wa kuchomelea.